Kompyuta Isiyozimika

"Umma unatangaziwa kwamba kuanzia leo kompyuta za Ofisi ya Vyeti zimeboreshwa kwa kuwekewa mfumo mpya, na foleni sasa itakuwa historia." Tangazo hilo, lenye mihuri miwili, lilibandikwa mlangoni Jumatatu asubuhi. Kufikia saa nne foleni ilikuwa imetoka ukumbini, imeshuka ngazi na kukata kona kwa kinyozi. Hakuna aliyeona ajabu, maana historia nayo huwa ndefu.

Kisa chenyewe ni kwamba kompyuta zilikuwa zinazimika. Karani anaandika jina la mtoto, anaandika jina la baba, anainuka kutafuta faili, na akirudi anakuta kioo cheusi ti na jina la baba halipo. Dawa ya muda ilijulikana, nayo ni kuzima na kuwasha upya. Lakini kuzima kompyuta ya serikali saa za kazi ni kusitisha huduma kwa umma, na huduma kwa umma haisitishwi kiholela. Ikatungwa Fomu ya Ombi la Kuzima na Kuwasha, yenye nafasi tatu za saini: ya kuzima, ya kuwasha, na ya muda uliopo baina ya kuzima na kuwasha. Fomu hiyo ilipatikana ndani ya kompyuta.

Mkurugenzi, kiongozi asiyependa mambo yalale, akaunda Jopo la Kuchunguza Mienendo ya Kompyuta. Mwenyekiti alikuwa yeye mwenyewe. Katibu alikuwa Karani Mkuu, mtu wa utaratibu, mwenye miaka ishirini na sita kazini na hajawahi kukosea namba ya faili. Hata nyumbani, mkewe akimwomba chumvi, hujibu kwamba ombi limepokelewa.

Jopo lilichapa kazi. Siku ya kwanza liliwahoji makarani mmoja mmoja, likabaini kwamba wanabonyeza kwa pupa. Siku ya pili likaagiza vidole vipumzishwe dakika sita kila baada ya robo saa. Siku ya tatu kompyuta zikazimika maradufu, jambo ambalo Jopo lililipokea kwa matumaini kama dalili kwamba mashine zimeanza kuitikia maelekezo.

Aliyejua ugonjwa ni Fundi wa kompyuta, binti wa dada yake Karani Mkuu. Alikuwa amepata kazi hiyo kwa mtihani, tena akiongoza, na mjomba wake alijivunia jambo hilo kimoyomoyo. Siku hiyo ya tatu alimfuata masjala, akafunga mlango.

"Mjomba, ni hotuba."

"Hapa kazini mimi ni Karani Mkuu."

"Karani Mkuu, ni hotuba."

Akamweleza. Mkurugenzi alikuwa ameagiza kwamba pamoja na mfumo mpya, kila kompyuta iwekewe video ya hotuba yake ya dakika kumi na mbili, na mashine ikikaa dakika tano bila kuguswa, hotuba ianze yenyewe. Video ilikuwa ya zamani, imerekodiwa na mpiga picha wa harusi, na mfumo mpya haukuweza kuimeza. Kabla Mkurugenzi hajamaliza sentensi ya kwanza, mashine ilikuwa imeshazimika.

"Iondoe basi," alisema Karani Mkuu.

"Waraka namba tisa unasema atakayeondoa hotuba ya kiongozi atahesabiwa amemkatiza kiongozi akizungumza."

Karani Mkuu aliukumbuka. Ni yeye aliyeuchapa.

Mchana aliitwa ghorofa ya juu. Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na zulia, kiyoyozi, makochi mawili ya ngozi, na kompyuta ambayo mwenyewe alikuwa akichezea karata. Alikuwa na malkia wa kopa mkononi na hakujua amweke wapi.

"Ripoti iwe hapa Ijumaa," alisema bila kuinua macho. "Nimekurahisishia. Chanzo ni uzembe wa fundi. Ahamishiwe ghala la samani chakavu."

"Huko atafanya nini, mheshimiwa?"

"Atasimamia viti." Akagonga kompyuta kwa upendo. "Unaiona hii? Zile zenu zinaanguka kama maembe, hii haijazimika hata mara moja. Ni suala la uongozi."

Ukweli ni kwamba kompyuta ile haikuwa imeguswa na mfumo mpya. Mkurugenzi alisikia kuwa mfumo huo hauna karata, akamfukuza Fundi mlangoni kwa hoja za usalama wa taifa.

Jioni dada mtu alipiga simu.

"Nasikia unampeleka mwanangu akachunge viti."

"Suala liko kwenye mchakato, dada."

"Mchakato ndiyo nini? Ulipougua surua nilikubeba mgongoni mpaka hospitali, na mvua inanyesha. Nilijaza fomu?"

Karani Mkuu aliweka simu chini. Aliona aibu, na aibu ile ilimkaa kifuani mpaka asubuhi. Kumwandika mtoto wa dada yake kwamba ni mzembe hakuweza. Kuandika kwamba hotuba ya Mkurugenzi inaua mashine kungempeleka yeye mwenyewe ghalani, akawe naibu wa viti. Akakaa mezani akachonga kalamu, akaandika ukweli wote unaoweza kupigwa muhuri.

Ijumaa Mkurugenzi alifunua ripoti ya kurasa arobaini, akaenda moja kwa moja penye jina lake.

"Jopo limejiridhisha," alisoma kwa sauti, "kwamba kompyuta pekee ambayo haijawahi kuzimika ni ya Mheshimiwa Mkurugenzi, na uthabiti huo ni matunda ya uongozi wake." Akainua macho. "Mbona hukumwandika fundi?"

"Nimemwandika, mheshimiwa. Anapangiwa kuitunza kompyuta yako, kwa kuwa ndiyo kielelezo."

"Hapo sawa. Ila kwenye uthabiti, ongeza 'wa kupigiwa mfano'."

Ikaongezwa. Akasaini, akagonga muhuri, akarudi kwenye karata. Kilichofuata baada ya maneno "uongozi wake" kilikuwa hiki: kwamba huduma zote za umma zihamishiwe mara moja kwenye kompyuta hiyo, mahali hapohapo ilipo, hadi nyingine zitakapofikia kiwango chake.

Jumatatu Mkurugenzi alifika saa nne, kama kawaida yake. Kwenye kochi la kwanza alikuta akina mama watatu wananyonyesha. Kwenye la pili mzee mmoja amevua viatu. Juu ya zulia foleni ilikuwa imekaa chini, na mezani kwake karani mmoja alikuwa anachapa cheti cha kumi na tisa, Fundi amesimama nyuma yake kama muuguzi.

"Nani kawaruhusu hawa?"

"Wewe, mheshimiwa," alisema Karani Mkuu, akamfungulia ukurasa. "Labda kama kompyuta yako ina kasoro. Tuandike kasoro gani?"

Mkurugenzi alikumbuka kwamba mashine yenye kasoro huwekewa mfumo mpya, na mfumo mpya hauna karata.

"Haina kasoro," alisema.

Akaenda kukaa ukumbini chini, kwenye benchi, mahali pekee palipobaki. Zile kompyuta zilizoboreshwa zilikuwa zimejipanga kaunta bila kazi. Kwa kuwa hazikuwa tena na huduma ya kusitisha, Fundi alikuwa akishuka mara kwa mara kuziwasha bila fomu. Kila baada ya dakika tano mojawapo ilianza: "Ndugu zangu, wakati umefika ambapo sisi sote—" na kioo kikawa cheusi ti.

Mama mmoja aliyempakata mtoto alimgeukia.

"Huyo mtu akifungua mdomo tu, mashine inakufa. Sisi wa foleni tumeliona tangu siku ya kwanza. Hapa wamejaa wasomi, sijui wanaangalia wapi." Akamtazama vizuri. "Halafu mnafanana. Ni ndugu yako?"

"Wa mbali," alisema Mkurugenzi.

Alikaa mpaka mashine ya tatu ilipozimika. Kisha akapanda ngazi, akamvuta Karani Mkuu pembeni.

"Nataka kutoa amri. Hotuba iondolewe kwenye mashine zote, leo hii."

"Ni uamuzi wa busara, mheshimiwa." Karani Mkuu aliusema kwa moyo mweupe, hata akatamani kumkumbatia. "Amri huchapwa kwenye kompyuta iliyothibitishwa, nayo ni hii moja. Tafadhali chukua namba kwa mlinzi."

"Mimi?"

"Ripoti haikutaja msamaha kwa mtu yeyote. Uliisaini Ijumaa."

Mlinzi alimpa sabini na nne. Ndani walikuwa wanamhudumia wa thelathini na moja. Mkurugenzi alishuka tena, na yule mama akamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Umepata ya ngapi?"

"Sabini na nne."

"Vumilia, baba," alisema mama. "Siku hizi wanakwenda haraka. Wamepata kompyuta nzuri."