Unga Kwenye Kiti cha Mtoto

Jumatatu, 4 Machi

Tak!

Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu jana. Shangazi Mtu alikuwa anamfunga Jaji kwenye kiti chake cha gari, kwa mkono mmoja, huku anamweleza dada namna ya kutoa doa la kutu kwenye shuka. Hata hakutazama. Tak! Na dada akashusha mabega. Miaka ishirini na sita nimeishi na dada yangu hapa duniani, sijawahi kumfanya ashushe mabega. Mimi huyapandisha tu.

Maelezo, endapo shajara hii itaangukia mikononi mwa vizazi vijavyo. Jaji ni binti wa dada, ana miaka mitatu, na amepewa jina hilo kwa sababu hukutazama kama anayetafuta kifungu cha kukuhukumu nacho. Shangazi Mtu ni dada wa shemeji. Muuguzi. Ananukia sabuni muda wote. Mimi ni mama mdogo, mhariri wa vitabu vya shule, msomi.

Jumatatu ijayo dada anaanza kazi mpya, ya kutoka nyumbani alfajiri. Shemeji yuko safarini mpaka katikati ya mwaka. Lazima mtu ampeleke Jaji chekechea kila asubuhi kwa gari. Shangazi Mtu amejitolea. Nami nimejitolea, kwa sauti kubwa zaidi. Dada akasema atatutazama wote wawili, ataamua Jumamosi. Kisha akanikumbusha ile siku niliyomsahau Jaji kituo cha mafuta. Jamani! Nilikuwa nawaza. Na nilirudi. (Baada ya kilomita kumi na moja.)

Akasema hana mtoto mwingine wa kufanyia majaribio.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua kiti! Cha kijivu, kina masikio ya kuegemeza kichwa. Ndani ya boksi kuna mwongozo wa kurasa thelathini na mbili. Raha iliyoje! Nimeusoma ofisini nikiwa na kalamu nyekundu badala ya kula. Makosa arobaini na matatu. Ukurasa wa sita unasema mtoto "abanwe mpaka aridhike." Nani aridhike? Nimewaandikia watengenezaji barua.

Niliyojifunza: mtoto akae kiti cha nyuma. Mikanda ya mabegani imbane vizuri, usiweze kuifinya kwa vidole ikafanya mkunjo. Asivalishwe sweta nene chini ya mkanda. Kifungo kilie.

Ukurasa wa tisa na wa kumi niliruka. Ni picha tupu. Mishale, mkono, goti nene la mtu asiye na kichwa. Picha wamewekewa wavivu wa kusoma.

Nimekiweka kiti garini. Kimekaa wima, kizito, kina heshima zake. Nilikitazama dakika nyingi kuliko nilivyopanga.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi. Jaji ana kilo kumi na nne. Nimetia unga kilo kumi na nne ndani ya foronya, nikaifunga shingo kwa kamba, nikaivika kofia yake ya pinki ili nisisahau uzito wa dhamana yangu. Tak! Tukaenda sokoni na kurudi, mimi na foronya, mwendo wa mtu anayesindikiza harusi.

Askari wa trafiki, mama mmoja mwenye miwani, akanisimamisha. Akauliza mbona naendesha kama gari limebeba mayai. Nikamwambia nimebeba mtoto. Akachungulia nyuma. Akauliza mtoto ana tatizo gani usoni. Nikakiri kwamba ni unga. Akafungua mlango, akavuta mkanda wa bega, ukagoma kulegea. Akasema tangu asubuhi kasimamisha magari ishirini, watoto wamepakatwa mbele, mmoja amesimama katikati ya viti kama kondakta, na abiria pekee aliyefungwa vizuri ni huyu wa ugali. Akaipigia saluti foronya.

Nimesifiwa na dola! Nimempigia dada kumweleza. Akauliza kwa nini unga umevaa kofia ya mwanawe.

Alhamisi, 7 Machi

Upelelezi. Nimekwenda hospitalini anakofanya kazi Shangazi Mtu, nikalikuta gari lake kwenye maegesho, mlango wa nyuma haujafungwa. Nikaingia na rula. Nilitaka kujua mikanda yake ina upana gani. Nikasikia mtu anakohoa. Shangazi Mtu, na chupa yake ya chai, ananitazama nilivyolala kifudifudi, miguu nje.

Angepiga kelele ningemheshimu. Alinimiminia chai! Akasema kama kuna jambo nataka kulijua si niulize tu. Akauliza kama nimejua namna ya kukifunga kiti chenyewe. Nikamjibu nimeusoma mwongozo. Akauliza wote? Nikasema siyo tu nimeusoma, nimeusahihisha. Akasema, haya mpenzi.

Mpenzi! Nitalala nalo hilo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwomba dada nimjaribishe Jaji kitini, gari likiwa limezimwa uani. Akakubali, akasimama mlangoni amekunja mikono. Nikamvua Jaji sweta. Nikambana. Vidole havifinyi kitu. Tak! Safi kabisa. Nikageuka kutazama mabega ya dada. Yalishuka kidogo. Naapa yalishuka.

Jaji akaanza kujiyumbisha kushoto na kulia, na kiti kinamfuata. Akatangaza kwamba kiti kinacheza. Nikamweleza kwamba vitu vya kisasa huwa na unyumbufu. Akasema tena, kinacheza. Nikampa biskuti.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika leo. Naandika hata hivyo.

Shangazi Mtu alifika saa nne, akaketi barazani na Jaji mapajani. Dada akasema Jaji hapandi kwanza. Ataanza kwa kunitazama nikiendesha na ule unga wangu maarufu. Akakaa nyuma mwenyewe, kando ya foronya. Nikazunguka nyumba mara mbili, polepole, kwa madaha. Dada akasema, he, kumbe unaweza. Alisema hivyo! Ningeishia hapo! Lakini nilitaka mabega yote mawili. Nikatangaza kwamba sasa nitamwonyesha breki ya dharura. Nikakanyaga mafuta, nikakanyaga breki.

Mikanda haikuachia. Kifungo hakikuachia. Foronya ilibaki kitini, imebanwa barabara. Kiti chenyewe ndicho kilichoondoka. Kiliruka na abiria wake, kikagonga mgongo wa kiti changu, kikapinduka. Foronya ikapasuka.

Nilipogeuka, dada alikuwa mweupe tangu nywele mpaka magoti. Macho tu ndiyo meusi. Kutoka barazani Jaji akasema kwa sauti ya hukumu kwamba mama mdogo ameua unga.

Nilidhani dada atacheka, maana mimi nilikuwa karibu kucheka. Hakucheka. Alikitazama kiti kilicholala miguu juu. Kisha akamtazama Jaji. Kisha kiti. Nikafuata macho yake, na kicheko kikaniisha. Jana uani nilitaka kuwasha gari. Nilikuwa nimeshashika ufunguo, nimpeleke mpaka getini tu. Dada ndiye aliyesema hapana.

Alishuka garini. Alimchukua mtoto kutoka kwa Shangazi Mtu, akamshika mpaka naye akawa mweupe.

Jumapili, 10 Machi

Sikutaka kumwona mtu. Shangazi Mtu akaja. Hakusema "nilikwambia." Aliomba mwongozo, akafungua ukurasa wa tisa, akaweka kidole kwenye goti nene. Kisha akaingia garini, akapiga goti lake mwenyewe juu ya kiti, akapitisha mkanda wa gari nyuma ya kiti, akauvuta kwa uzito wake wote. Tak. Akanishika mkono, akaniambia nikitikise. Kikagoma. Gari zima likatikisika, kiti kimetulia.

Kumbe ziko tak mbili. Moja ya kiti, moja ya mtoto. Mimi niliisikia ya pili tu, kwa sababu ya kwanza yeye huipiga nyumbani kwake mapema, hakuna anayemtazama.

Nikamuuliza kwa nini hakunieleza Alhamisi. Akasema alidhani aliyesahihisha kitabu amekisoma. Akaniita mpenzi. Nikalia kidogo. Akanipa kitambaa chenye harufu ya sabuni.

Jumatatu, 11 Machi

Dada ameamua. Shangazi Mtu ataendesha. Mimi nitakaa nyuma kando ya Jaji, na gari haliondoki mpaka nitikise kiti na nisikie tak mbili. Dada alisema hakuna mtu atakayesikiliza kwa makini kama mimi, sasa. Akasita, akaongeza kwamba nisiguse ufunguo. Asubuhi, dada akiwa ameomba kuchelewa kazini leo tu, nilitikisa. Nikasikia mbili. Dirishani nikayaona mabega ya dada, yote mawili, chini.

Nimejifunza. Tena sana. Tatizo la mwongozo ule ni kwamba jambo kubwa kuliko yote walilifumba ndani ya picha. Wazazi wangapi wanaangamia hivyo? Kwa hiyo jana baada ya kulia niliandika mwongozo wangu mwenyewe, *Namna ya Kumfunga Mtoto Garini, Pamoja na Kiti*, kurasa hamsini na nane, tanbihi mia na nne. Nimeshachapa nakala thelathini. Nimeshazigawa leo kwenye geti la chekechea, kila mzazi ya kwake, kabla Shangazi Mtu hajageuza gari.

Mwalimu wa chekechea alifunua ya kwake mwanzo mpaka mwisho, akauliza kwa upole kama kuna mchoro mahali. Nikamwelekeza sura ya tatu, nilipoeleza kwa kina kwa nini hakuna.