Kiua Kisichouzwa

Lionel Pask alikuwa kwenye kituo cha basi kijijini Upper Tansley, ana pauni kumi tu duniani, alipoona jambo lililomfanya asahau kutafuna sandwichi yake. Watu wazima, wenye akili zao na magari yao, walikuwa wamepanga foleni kwenye geti la nyumba ya mtu, wanalipa pauni sita sita. Wanalipia nini? Kuingia kuangalia maua!

"Na hela inakwenda wapi?" akamuuliza bwana mmoja mwenye mwavuli.

"Kwa wagonjwa. Majira ya machipuko yakifika, wenye bustani wanafungua, sisi tunalipa na kunywa chai. Ila haikubaliwi kila bustani. Wakaguzi wakiona haiwezi kumshughulisha mgeni dakika arobaini na tano, wanaikataa."

Lionel akatikisa kichwa kwa huruma. Tuseme aliwahurumia wagonjwa. Kilichomkaa rohoni ni binti yake, aliyekuwa anaolewa Jumamosi ijayo. Kwenye simu alishamwambia keki ya harusi ni juu yake, ngazi nne. Kwa miaka ishirini hakuwahi kumtimizia mtoto yule ahadi hata moja, na hii aliapa ataitimiza. Kuitimiza kwa hela halali, hilo hakuapa.

Mwisho wa barabara akaona jumba la mawe. Mapazia yamefungwa, gari hakuna, na bustani imejaa vile viua vyeupe vinavyoinamisha vichwa baridi ikianza kuondoka. Mwenyewe yuko Ureno, akajiamulia. Matajiri wa huku wanaikimbia baridi, wanakwenda huko.

Kesho yake, Jumapili, akatundika getini tangazo la njano la kukaribisha wageni, akavaa koti zito la mitumba na kujipandisha cheo akawa Kapteni. Alipozunguka nyuma nusura amkanyage bibi mmoja aliyepiga magoti kwenye tope aking'oa magugu. Koti la bibi limefungwa kwa kamba, viwiko viko nje, buti moja jeusi, jingine la kijani.

"Wewe nani?" bibi akauliza.

"Kapteni Pask, binamu yake mwenye nyumba. Na wewe bila shaka ndiye mtunza bustani."

Bibi akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Bila shaka. Niite Hetty."

"Basi, Hetty, leo tunafungua kwa wageni." Akamshikisha zile pauni kumi. "Hii ya chai, na mdomo tuufunge."

"Mimi tena! Umefungwa huo." Hetty akazitia mfukoni. "Ila Kapteni, nikwambie kitu. Wenye majumba huku hawashiki hela. Ukionekana na kopo la sarafu wataona mara moja hapa si kwako. Kopo nishike mimi, wewe kazi yako kusalimia watu."

Lionel akaona kampata mtu. Akachutama kwenye viua na brashi na kikombe cha bizari ya manjano aliyoikoroga kwa maji.

"Unafanya nini, Kapteni?"

"Nakoleza. Nimesikia vyeupe ni vya bure, lakini chenye manjano kimoja wanakigombania kwa pauni mia."

"Kimoja cha nini? Koleza thelathini," akasema Hetty. "Vyungu viko bandani."

Wakavificha vyungu thelathini nyuma ya banda, kimoja wakakiacha katikati ya bustani, kimezungushiwa kamba na kibao: HAKIUZWI.

Wageni waliokuwa wakizungukia bustani za kijiji wakamiminika, wengi wa miji ya mbali. Wa kwanza kunasa alikuwa Bwana Crispin Ludlow wa Bath, mwenye kioo cha kukuzia mfukoni. Alisimama mbele ya kile kiua akasahau hadi keki mkononi.

"Hakiuzwi?"

"Hakiuzwi, bwana. Ndicho pekee duniani. Marehemu mama aliniapisha."

"Hata kwa mia?"

Lionel akaangalia mbinguni. "Mama alikuwa mtu wa kusamehe. Kina kipacha chake nyuma ya banda. Mlipe Hetty, kifiche ndani ya koti, na tafadhali usimwambie mtu."

Mpaka saa kumi kiua cha pekee duniani kilikuwa kimeshauzwa mara thelathini. Watu walizunguka bustanini makoti yamevimba vifuani, kila mmoja akiwaonea huruma wenzake, na hakuna aliyetaka kuondoka.

"Kapteni, unaona?" Hetty akanong'ona, machozi yanamlengalenga. "Saa mbili nzima wako humu! Mara tatu wakaguzi waliikataa bustani hii, eti dakika ishirini zinaitosha!"

"Vizuri, vizuri," akasema Lionel, ambaye kimawazo alishafika kwa mwoka keki. Wageni walipoanza kujikusanya getini akanyoosha mkono. "Haya bibie, lete kopo."

Hetty akatoa ufunguo kwenye koti lake bovu, akafungua mlango mkubwa wa jumba, akaingia na kopo, akafunga. Punde dirisha likafunguliwa.

"We Hetty! Umeingiaje nyumba ya watu?"

"Watu gani? Nimezaliwa chumba hicho cha juu, hicho ambacho paa linavuja. Mwezi huu fundi atapanda."

Maskini Lionel! Mtoto wa mjini Croydon angejuaje kwamba mashambani kule kadiri koti linavyochanika ndivyo jumba linavyokuwa kubwa? Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilimpa bwana mmoja sarafu ya kununulia supu, kumbe kilima chote ni chake.

"Nakwenda polisi!"

"Nenda. Watakuuliza jina na huo ukapteni uliupata wapi."

"Bibi, nakuomba." Akavua kofia. "Mwanangu anaolewa Jumamosi. Nimemwahidi keki. Haki ya Mungu."

Hetty akamtazama, akamwamini. "Basi nenda harusini mikono mitupu, umwambie ukweli. Huo atakuwa hajawahi kuupata kwako. Hela siachii hata senti."

Hapo mvua ikaanza. Pale getini Bwana Ludlow akatoa chungu chake akifunike vizuri, akaona manjano yanamtiririkia kwenye shati jeupe. Akageuka kutafuta msaada, na kila aliyemwona ameshika kipacha, nacho kinachuruzika. Hakuna aliyepiga kelele, wale hawapigi kelele. Bwana Ludlow alikiweka chungu chini taratibu, akasema, "Samahani sana, Kapteni," na wote thelathini wakaanza kuja.

Lionel akaruka ua wa miiba, nao ukabaki na kipande cha suruali kama haki yake.

Hetty akatoka na ufagio, koti lake la kamba mwilini, anafagia ngazi za mlangoni.

"Mama, amekimbilia wapi yule?" wakamuuliza.

"Kule kwenye ng'ombe," akasema, akinyoosha ufagio. "Mkimkamata mniite na mimi, jamani. Nimefanya kazi tangu asubuhi, na mshahara hajanilipa."