Malalamiko Kuhusu Sumaku, Kiatu na Neno "Kwa Nini"

Bazaar, Kisumu
Juni 1934

Kwa Mwalimu Zakayo Onditi,

Mwalimu wetu mheshimiwa,

Baada ya salamu, mimi ni Salim Mabruki, fundi cherehani wa barazani pa duka la Bwana Kishore, na baba yake Rehma wa darasa la tatu. Nakuandikia kwa adabu kuhusu ile sherehe ya sayansi uliyowafanyia watoto. Tulipoalikwa tulidhani ni sherehe kama nyingine, watu wanakula halafu wanakwenda zao. Hatukujua kwamba elimu itatufuata mpaka nyumbani. Malalamiko yangu ni haya.

1. Uliwaambia watoto wapande maharage kwenye pamba yenye maji. Pamba ilitolewa ndani ya mto ninaolalia. Hilo nilistahimili. Lakini mbegu ilipotoa mzizi, Rehma alisimama mbele ya sufuria ya nyanya yake, Bi Subira, akasema maharage hayajafa, yamelala tu, na si vizuri kumchemsha aliyelala. Mama mkwe wangu huyo ameacha kuyapika. Sasa tunakula samaki kila siku, na hata samaki wenyewe mtoto ameanza kuwaangalia kwa huruma.

2. Ulimwazima sumaku. Sindano zangu zote sasa zinang'ang'aniana, nikivuta moja zinakuja tano. Kisha akaja nayo barazani, akaisogeza kwenye vifungo ambavyo Bwana Kishore huviuza kuwa ni shaba tupu. Vikaruka vikaganda. Mteja mmoja, mama wa Nyamasaria, akauliza maana yake nini, na Rehma akamweleza pole pole, kwa heshima, kwamba shaba haivutwi na sumaku, kinachovutwa ni chuma. Mama yule alirudisha vifungo akaenda zake. Tangu hapo Bwana Kishore ananisalimia kwa nyusi tu.

3. Siku yenyewe ya sherehe uliniita mbele, ukaniuliza kipi kitaanguka kwanza, kiatu changu au subana yangu ya kukinga kidole nikishona. Nilijibu kama mtu mzima: kiatu. Vikafika chini pamoja. Watoto walipiga makofi kwa furaha, bila dharau, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikapanda kiti nikarudia. Nikapanda meza. Wewe ulikuwa unasema, "Rudia tu, Baba Rehma, hatuna haraka." Kisigino cha kiatu kimeng'oka, na bado vilifika pamoja.

4. Hili ndilo kubwa. Mtoto amerudi na neno "kwa nini" na halimtoki mdomoni. Nikimwambia alale, kwa nini. Nikisema kwa sababu mimi baba yako nimesema, anauliza kama nimejaribu kwanza. Mwalimu, fikiri. Leo anauliza habari za vifungo. Kesho atamuuliza Bwana DC kwa nini kodi ya nyumba ni ile ile kwa mwenye mabati na mwenye nyasi. Bwana DC atakosa jibu, askari watakosa la kufanya, na mji mzima wa Kisumu utakaa chini kungoja ushahidi. Nani atashona kanzu siku hiyo?

Kwa hiyo naomba sumaku zifungiwe kabatini, viatu vya wazazi visiguswe, na kila mtoto akitoka shule aliache neno lile mlangoni, alikute kesho yake asubuhi. Bila hivyo nitamtoa Rehma nimpeleke Port Victoria kwa shangazi yake, akajifunze kusuka mikeka kwa watu wasiouliza kitu. Nimekwisha mwambia. Hakulia. Aliniuliza tu kama huko kuna shule, na mimi nikajifanya natafuta mkasi.

Nisalimie mama watoto, wazee wa kamati, na darasa la tatu lote, pamoja na yule mtoto aliyeendelea kunipigia makofi wenzake walipokwisha kuacha.

Wako katika malalamiko,
Salim Mabruki

Nyongeza: Rehma atakuja Jumatatu kama kawaida. Jana aliniuliza kwa nini maji ya ziwa hapa kwetu ni ya udongo, na nikamjibu sijui. Nimeyateka kwenye gilasi nikayaweka dirishani, na nimekataza mtu yeyote asiitikise. Chini pameanza kujikusanya kitu. Tafadhali, Mwalimu, akikuuliza usimpe jibu kwanza. Nataka nilione mwenyewe.