Cucu Helen na Msafara wa Gachoka

Leo nimeaibika mazishini. Si harusini, si sokoni. Mazishini, maiti akiwa pale mbele!

Mnawajua jirani zangu hapa mtaani kwetu Dallas (Dallas ya huku, si ya ng'ambo), wale wamishonari wazee tunaowaita Guka Walter na Cucu Helen, yaani babu na bibi. Guka hutengeneza pampu za maji za mashule. Cucu hufundisha akina mama kushona. Muda wao umekwisha. Jumatatu wanarudi kwao, na kwa umri wao wanajua hawatakanyaga tena huku. Wiki jana rafiki ya Cucu, Mama Ciarunji wa Gachoka, akafariki. Cucu akaomba jambo moja tu: atupe udongo kwenye kaburi la rafiki yake kabla ya kupanda ndege.

"Shamba lao la ndani, anakozikwa, hatulijui," Guka akaniambia. "Utatuonyesha njia?"

"Guka, hiyo niachie mimi." (Mimi, mtu wa Meru! Gachoka nimewahi kushuka stendi, nikanunua maembe, nikarudi.)

Mochari, tulikokwenda kuufuata msafara wake, ilikuwa imejaa. Leo ni Ijumaa, na kila familia imekuja kuchukua mtu wake. Cucu alikaa ndani ya pikapu akikumbatia maua. Mara gari la maiti likatoka, nyuma yake msafara wa magari yenye utepe mwekundu.

"Ndio hao! Guka, washa!"

"Una hakika?"

"Hakika kabisa!" (Kila msafara uliotoka pale leo ulikuwa na utepe mwekundu. Hilo nimeligundua baadaye.)

Tukashika barabara ya Gachoka. Moyo ukatulia. Lakini kabla hatujafika, msafara ukakata kushoto, ukaingia vumbini. Guka akanitazama.

"Njia ya mkato," nikasema.

Tulipofika Cucu alitazama huku na huku. "Simwoni Rwamba." Rwamba ni binti ya marehemu.

"Familia iko ndani, Cucu. Tulia."

Sasa, mambo yetu mnayajua. Mzungu mzee akifika mazishini haulizwi katoka wapi. Tulishikwa mikono, tukapelekwa hema la mbele, tukaketishwa karibu na jeneza. Upande wa mume ulidhani tumealikwa na upande wa mke. Upande wa mke ukadhani vivyo hivyo. Picha ya marehemu ilikuwa imeelekezwa kwa watu, sisi tuko nyuma yake. Karatasi za programu zilikuwa zimeisha kabla hatujafika. Maombi ya kufungua yalipokwisha tu, emsii akasema, "Wageni wetu wametoka mbali. Waseme neno kwanza, tusiwacheleweshe."

Cucu akasimama, akaniomba nimsemee. Akaninong'oneza. Nikashika maiki. (Mnijuavyo mimi na maiki!)

"Cucu anasema, marehemu alikuwa rafiki yake wa moyoni!"

Makofi. Cucu akanong'ona tena.

"Anasema, alipofika hapa hakuwa na mtu. Marehemu alikuja kila jioni, akakaa naye jikoni mpaka upweke ukamtoka!"

Makofi machache. Mama mmoja akakohoa.

"Anasema, maji ya mfereji yalipokatika, marehemu alimpeleka mtoni, wakaoga pamoja! Akamsugua mgongo!"

Hata kwaya iliacha kujipepea.

Kwenye kiti cha kwanza, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi akainuka polepole. "Kijana," akasema, "mimi nimeolewa na Njeru tangu sijaota mvi hata moja. Hebu nionyeshe huo mto."

"Njeru?" nikauliza. Kwenye maiki, jamani!

Emsii akaigeuza picha. Mzee mwenye masharubu akanikazia macho.

Kicheko kilianzia kwa wapishi, kikaja hema kwa hema. Mjane mwenyewe alicheka akiwa ameshika jeneza, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akaketishwa chini. Cucu akanivuta mkono.

"Wanacheka nini?"

"Tumekosea, Cucu. Huyu si Mama Ciarunji."

Hakunifokea. Aliyatazama maua yake. "Basi yeye yuko wapi?"

Mjane ndiye aliyenyanyuka tena, akampangusa Cucu machozi kwa leso yake mwenyewe. "Nenda, mami. Kimbia. Utamkuta."

Hatukumkuta. Tuliuliza njia kila kona (sasa ndiyo naulizia!), na tulipofika kwa akina Ciarunji vijana walikuwa wanakunja mahema. Rwamba akaja, macho yamevimba.

"Tulikungoja, Cucu. Tuliimba, tukarudia nyimbo zote. Pastor akasema mvua inakuja."

Kaburi lilikuwa limeshafukiwa na kuchomekwa maua pande zote. Cucu akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, akachota kiganja, akaumimina juu ya udongo mwingine. Halafu akayasema yote upya, taratibu, kwa lugha yake, bila mkalimani. Ya jikoni. Ya mtoni. Nilisimama mbali kama mwizi. Guka akaja akaniwekea mkono begani. Afadhali angenizaba kofi.

Najua mnacheka. Hata mimi ningewacheka. Ila chekeni polepole, tafadhali. Mimi na Cucu tunatenganishwa na ukuta tu, na bado namsikia akilia.