Fuwele ya Kushoto na Koti Langu

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeona kitu ambacho hata nikikisimulia miaka kumi sitakimaliza. Na kusimulia mimi najua.

Mpwa wangu, binti wa dada, ndiye mtaalamu wa hadubini ya elektroni hapa maabara ninapotunza vifaa. Dada husema yeye ndiye aliyenitafutia kazi. Tuseme tulitafutana. Basi akaniita nichungulie. Giza totoro, na ndani ya giza nukta za mwanga, safu kwa safu, kama zimepigiwa rula. Nikauliza nyota hizi za wapi. Akasema ni za chembe ya dawa, ndogo kuliko vumbi. Elektroni zimepita ndani yake zikatawanyika, na mpangilio wa fuwele umejichora wenyewe.

Nikachungulia mara tatu. Mimi! Nyumbani hawataamini.

Jumanne, 4 Machi
Mpwa kaniambia nitazame mikono yangu. Inafanana, ila glavu ya kushoto haiingii kulia. Fuwele za dawa hii ndivyo zilivyo, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Ya kushoto inatuliza moyo. Ya kulia inaharibu figo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hata uwe mimi.

Zinazosema kweli ni nukta mbili zinazokabiliana. Zilipaswa kuwa pacha, lakini elektroni zinadundadunda humo ndani kabla ya kutoka, na nukta moja inang'aa kuliko mwenzake. Ikizidi kung'aa ya kushoto, fuwele ni ya kushoto. Nimeitazama mikono yangu hadi chai ikapoa.

Ijumaa mpwa atasimama mbele ya mkurugenzi na watu wa kiwanda cha dawa. Amekwisha kuwaambia ni ya kushoto. Picha ikimkana, nafasi yake anapewa mwingine. Hata kula hali vizuri.

Jioni nikamsimulia shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani. Nikamwambia tumegundua, mimi na mpwa. Akauliza kwa upole mimi niligundua upande upi, wa ufagio au wa ndoo. Huyu lazima anijue.

Jumatano, 5 Machi
Mpango umekamilika. Filamu ya zile nukta itawekwa kwenye fremu ya kioo, iangazwe na sanduku la taa mbele ya wakubwa. Nimeomba fremu niitengeneze mimi. Mpwa alisita, akaniangalia, akakubali. Kaniusia jambo moja: kona ya filamu iliyokatwa kama alama ikae juu, kulia. Shemeji nimemwalika. Akae nyuma, aone.

Alhamisi, 6 Machi
Maskini mpwa wangu, haraka zitamuua. Kona moja imekatwa, tatu nzima. Kazi gani hiyo? Nimezikata zote nne zilingane. Tena filamu ina upande uliofifia na upande unaong'aa, na yeye hakusema lolote. Unaong'aa nimeuelekeza kwa wageni. Mtu na heshima zake haonyeshwi kisogo cha kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Taa ikawashwa. Nukta iliyozidi ilikuwa ya kulia.

Mtu wa kiwanda akasema taratibu kwamba basi hii ni ya kulia. Mkurugenzi akavua miwani. Mpwa alikauka kama nguo kambani. Akasogea, akatafuta kona, akaziona nne. Akafungua fremu, akapitisha kidole juu ya filamu. Bila kugeuka akaniuliza, mjomba, upande unaong'aa umeuelekeza wapi. Nikasimama, nikajibu kwa fahari kwamba kwa wageni.

Akaigeuza. Nukta ikahamia kushoto. Filamu ile ile, mwanga ule ule, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, na sumu imekuwa dawa.

Mtu wa kiwanda hakuridhika. Mpwa akawapeleka wote kwenye mashine, akaweka chembe nyingine machoni pao. Wakubwa wazima wakapanga foleni kuchungulia gizani, na kila aliyeinua kichwa alitamka neno moja. Kushoto. Mkurugenzi akampa mpwa mkono, na nafasi ikabaki kwake.

Isingekuwa fremu yangu, wangeridhika na picha moja tu. Nimewaonyesha mbili.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji anasema nilichofanya ni kama fundi anayekata mikono ya shati bila kukigeuza kielelezo, ile karatasi ya kukatia. Nikamwambia sindano isijifananishe na elektroni.

Jumapili, 9 Machi
Mpwa anafanyiwa tafrija, nami nataka koti. Nimenunua kitambaa kinachong'aa upande mmoja. Shemeji alikata mkono wa kwanza, halafu akataka kugeuza kielelezo kwa ajili ya wa pili. Nikamnyang'anya mkasi. Nikamwambia mambo ya kugeuzageuza nusura yamponze binti wa watu. Nikaukata mwenyewe, kielelezo vile vile, upande unaong'aa juu. Akashona akiuma midomo, mabega yakimtikisika.

Mikono yote miwili imetoka ya kushoto. Nikiuvaa wa kulia, kiwiko kinachungulia mbele. Nimesimama kwenye kioo, nikahesabu upya: mle ndani yote miwili ni ya kulia.

Kwa hiyo koti halina kasoro. Ni watazamaji watakaokaa upande mbaya.