Galaksi Jikoni kwa Mama Marciana

Jumatatu, 5 Mei 2025. Kilosa.
Ndoa bado mbichi. Jackline akifungua mlango, hata tope la Kilosa linanukia vizuri. Ijumaa atafundisha klabu ya sayansi kwenye shule moja Mikumi. Mada: galaksi za mbali zilizoacha kuumba nyota, ila gesi bado inafumuka kutoka ndani yake. Mwalimu Ditram amejitolea kumtengenezea picha za kompyuta. Ditram huyohuyo aliyemposa kabla yangu akakataliwa. Nimemwambia mke wangu aachane na picha, nitafanya jaribio la kuonekana kwa macho. Akauliza jaribio gani. Nikasema ni siri. Hata mimi silijui.

Jumatano, 7 Mei.
Nimelipata. Nimemwagia maji jiko la mkaa sebuleni. Moto umekufa, mvuke na majivu vimepaa hadi darini. Galaksi kabisa. Pazia la zawadi ya harusi limekuwa la kijivu. Jackline kacheka mpaka kakaa chini. Kisha akauliza: kinachotoka ndicho kilichoua moto, au kinatoka wakati moto umeshakufa? Eti hapo ndipo wataalamu wanapobishana. Wengine wanalishuku shimo jeusi la katikati, kwamba ndilo linaloendelea kupuliza. Sikusikia vizuri. Nilikuwa naangalia macho yake.

Ijumaa, 9 Mei. Mikumi.
Mvua. Mkaa wangu umelowa wote njiani. Kompyuta ya Ditram, kavu. Akaniambia shemeji kaa hapa mbele, utafurahia picha. Wanafunzi wakacheka. Nikatoka nje, nikaona jiko la shule: kuni zinawaka, sufuria kubwa ya makande juu yake. Mpishi, Mama Marciana, kaenda kuchambua mboga. Nikawaita wanafunzi wote. Nikamwaga ndoo nzima ya maji motoni.
Jaribio limekubali. Moto kimya, mvuke bado unafumuka tu. Jackline akawaonyesha kwa kidole: nyota zimekoma, gesi inaendelea kutoka. Walielewa mpaka wa nyuma. Nikamwangalia Ditram.
Kisha kengele ya chakula. Makande magumu kama kokoto. Nikampa Mama Marciana shikamoo, hakuitikia. Akasema kama gesi inatoka, na mimi nitoke nayo. Ditram akawanunulia watoto maandazi. Alishangiliwa kuliko galaksi.
Kwenye basi Jackline alitazama dirishani hadi tulipokaribia nyumbani. Kisha akanifuta majivu kwenye nyusi kwa ncha ya khanga yake. Ningezima moto mwingine papo hapo.

Jumamosi, 10 Mei. Kilosa.
Jackline kasema jaribio lilikuwa zuri kuliko picha. Kuliko picha! Ombi lake ni moja tu: siku nyingine niulize kwanza kabla ya kugusa moto wa watu. Nimeahidi, mkono kifuani.
Mchana shule ya Ulaya, kata ya hukuhuku Kilosa, wamepiga simu, nao wanalitaka somo. Nimetimiza ahadi saa hiyohiyo. Nimeuliza mpishi wao huwa anatoka jikoni saa ngapi.