Mmea Usiopenda Jua

Kwaru, kwaru, kwaru. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja jioni, na sauti ile ilitoka jikoni.

"Baba watoto, unaparua nini huko gizani?"

"Elimu, mke wangu."

"Ukinidanganya tena, mimi na mwanangu tunarudi kwa mama. Nimesema."

Profesa, ambaye shahada zake zote alijitunukia mwenyewe, alikuwa akichonga kiazi. Mchana ule alimsikia mwenye duka la dawa akisema atatoa cherehani iliyolala stoo kwa yeyote atakayemletea mmea fulani adimu wa jangwani: wa mviringo, hauna hata jani, ukitobolewa unatoa utomvu mweupe, na tone moja tu linaotesha nywele kwenye upara. Upara wa mwenye duka mwenyewe uling'aa kwa matumaini. Profesa akavikumbuka vidole vya mkewe, vilivyojaa matundu kwa kushona kwa mkono, na akili ikamchemka.

Akakichonga kiazi mifuo, akakipaka chaki ya kijani, akakidunga maziwa kwa bomba la sindano. Kilikuwa kiazi kikubwa kuliko vyote, kile ambacho binti yao alikichagua sokoni na kukibeba mgongoni kama mwanasesere. Asubuhi binti akaambiwa kimesafiri.

Mwenye duka akakitoboa kwa pini. Tone jeupe likachuruzika.

"Utomvu!"

"Usijiguse macho, mzee! Utapofuka."

"Nitakaa nao wiki mbili kwanza. Ukiwa hai, cherehani yako. Unatunzwaje?"

Hilo Profesa hakuwa amejiandaa nalo. Akaona chaki inaanza kupukutika. "Gizani. Kabatini kabisa."

"Mmea wa jangwani?"

"Unakaa chini ya mwamba! Jua lile wewe ungeliweza?"

Mwenye duka akakiri kwamba asingeliweza.

Wiki mbili baadaye Profesa akaja na mkewe, aliyeambiwa kuwa cherehani ni ujira wa kazi halali, na binti yao mkononi, ili aonekane mwaminifu. Mashine ilikuwa juu ya kaunta, imepakwa mafuta. Mke akaligusa gurudumu kwa kidole kimoja, polepole, kama anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

Kabati likafunguliwa. Harufu ikatangulia.

"Kali! Ndiyo dawa yenyewe," akasema mwenye duka, kisha akapiga yowe: machipukizi matatu, manene. "Umezaa! Profesa, chukua cherehani, chukua na uzi!"

Profesa akaikumbatia mashine. Binti akanyoosha shingo.

"Baba, kiazi changu kimeota."